Watoto Wanne wa Joan Crawford

Joan Crawford, mwigizaji nyota wa filamu wa Marekani, alipofariki mwezi Mei 1977, ilibainika kwamba wasia wake umewanyima urithi watoto wake wawili wakubwa, Christina na Christopher, kwa sababu ambazo, kama ulivyosema wasia wenyewe, wao walizijua vyema. Mwaka uliofuata Christina alichapisha kumbukumbu zake, Mommie Dearest, na hadi leo wako wanaosikia humo kilio cha mtoto aliyepigwa na wako wanaoona kisasi cha binti aliyekosa mali.

Nimekisoma kitabu hicho mara mbili, na ninamwamini Christina. Kisa cha henga za waya, ambapo mama anampiga binti yake usiku kwa kukuta nguo zimetundikwa kwenye henga hizo, kinajulikana sana, lakini si ndicho kilichonishawishi. Kilichonishika ni mambo ya kila siku: barua za shukrani zilizoandikwa na kurudiwa hadi mama aridhike, na Christopher kufungwa kitandani usiku asiweze kuinuka. Ni kweli kwamba mama aliyekwisha kuzikwa hawezi kujibu, na hilo ni jambo zito. Lakini ninajiuliza ni nani angemsikiliza msichana huyo wakati magazeti yalikuwa yakichapisha picha za mama nyota akiwa na watoto wake waliovalishwa vizuri.

Pingamizi kubwa zaidi lilitoka ndani ya familia. Wadogo zake, pacha Cathy na Cindy, walikana simulizi hiyo, na Cathy aliendelea kumtetea mama yao kwa miaka mingi. Wengi huona kwamba hapo kesi imekwisha, nami sikubaliani nao. Christina alizaliwa mwaka 1939, na pacha hao mwaka 1947. Joan alipoolewa na Alfred Steele, mkuu wa kampuni ya vinywaji ya Pepsi, mwaka 1955, pacha walikuwa na miaka minane tu, ilhali Christina alikuwa amekwisha kupelekwa shule ya bweni. Mama waliyemkumbuka pacha huenda alikuwa mpole kweli, na bado yule aliyemlea dada yao akawa kama dada anavyomweleza.

Linaloniumiza zaidi ni filamu ya mwaka 1981 iliyotokana na kitabu hicho, ambayo watazamaji wengi waliigeuza kichekesho, wakawa wanaigiza ukelele wa mama akiwa na henga mkononi. Katika kitabu, anayeamshwa usiku huo kwa kelele hizo ni mtoto aliyekuwa amelala.