Maji ya Ganga Talao

Saa nane za usiku mji wa Vacoas ulikuwa macho. Zilibaki siku mbili kufika Maha Shivaratri, usiku mkuu wa Shiva, mungu wa Wahindu, na barabara ya kupandia nyanda za juu za Morisi ilijaa watu waliovaa nyeupe, wengine miguu mitupu. Wenyeji wangu waliniazima shati refu jeupe, nikaingia nao msafarani kuelekea ziwa lao takatifu.

Vijana walibeba kanwar kwa zamu: kiunzi cha mianzi kilichopambwa kwa karatasi za rangi, maua na vioo vidogo. Mvua ya kule haipigi hodi. Ilipotushukia, waliokuwa mbele yetu walivua makoti wakaifunika kanwar, wao wakalowa chapachapa. Kandokando ya njia watu walikuwa wameweka meza za chai na matunda, na hawakudai hata senti. Kijana mmoja alinishika mkono, akanikalisha kwanza, ndipo akanipa kikombe. Kwetu pwani mgeni hupokewa vivyo hivyo.

Kulipopambazuka tukawakuta Shiva na mkuki wake wa ncha tatu, sanamu iliyozinduliwa 2007, na mungu wa kike Durga aliye na simba, iliyozinduliwa 2017. Kila moja ina urefu wa mita 33 hivi. Nilipiga picha, nikapita. Moyo wangu ulikuwa ziwani.

Ziwa limo katika kinywa cha volkano ya kale, mita 550 hivi juu ya usawa wa bahari. Mahekalu yamejipanga ukingoni, la mungu Hanuman liko juu kilimani, na moshi wa udi ulikuwa umechanganyika na ukungu hata usijue kipi ni kipi. Mama mwenyeji alivua kandambili, akashuka ngazi mpaka maji yakamfika vifundoni. Juu ya jani la tambuu aliweka ua jekundu na kipande cha kafuri, akakiwasha, akalisukuma jani kwa ncha za vidole. Likaelea, likazunguka mara moja, likaenda.

Wazee wake walitoka Bihar, India. Tangu 1834, utumwa ukikaribia kukomeshwa, Wahindi waliletwa kwa mkataba kulima miwa kwenye kisiwa kilicholimwa na watumwa wa Madagaska, Msumbiji na hata Kilwa. Mto Ganges, mto wao mtakatifu, waliuacha ng'ambo. Mwishoni mwa karne ya 19 kuhani mmoja wa kijiji cha Triolet kisiwani humo akaota kwamba maji ya ziwa hili ni ya Ganges, na watu wakaanza kulihiji kwa miguu. Mwaka 1972 maji ya mto wenyewe yakaletwa kutoka Gomukh, kwenye chanzo chake, yakamiminwa humu. Ndipo likaitwa Ganga Talao. Niliposikia hayo mahali penyewe, koo lilinikaba. Niliwafikiria wale wa Kilwa. Nani aliwaletea wao walau kikombe cha maji ya kwao?

Mama alijaza chombo chake cha shaba. Maji yale yangemwagiwa Shiva kwenye hekalu la kijijini usiku wa sikukuu. Alipotaka kuvaa kandambili alinikabidhi mimi.

"Shika, mwanangu. Usiyaweke chini."

Nikayashika kwa mikono miwili, nikamngoja.