Miaka Iliyoliwa na Nzige

Masomo: Yoeli 2:21-27, Mathayo 25:1-13

Bwana asifiwe, wapendwa.

Mwaka 1976 mwongozaji filamu wa Marekani, Terrence Malick, alikuwa Alberta, Kanada, kwenye mashamba ya ngano, akitengeneza Days of Heaven. Picha nyingi alitaka zipigwe baada ya jua kuzama na kabla ya giza kuingia. Hizo ni kama dakika 25 kwa siku. Mchana kutwa waigizaji walifanya mazoezi na kamera zikapangwa. Jua likishatua, mpiga picha Néstor Almendros alifungua lenzi hadi mwisho. Mwanga ukizidi kufifia, akaweka lenzi inayopokea mwanga zaidi, kisha akaondoa kichujio cha rangi, na maabara ikaongeza muda wa kuosha filamu. Ambaye hakujipanga mchana alipoteza siku nzima. Baadhi ya mafundi walinung'unika kwa utaratibu huo, lakini Almendros alipata Oscar, tuzo kubwa ya filamu ya Marekani, kwa picha hizo.

Katika somo la Mathayo, wanawali wote kumi waliomngoja bwana arusi walisinzia, wenye busara kwa wapumbavu; Yesu hafichi hilo. Kilichowatenga ni mafuta yaliyowekwa chomboni mapema.

Kisha kuna nzige wa filamu hiyo. Kwa picha za karibu walitumiwa nzige hai. Kwa wingu zima la nzige wakiruka, helikopta zilimwaga maganda ya karanga, waigizaji wakatembea kinyumenyume, na filamu ikaendeshwa kutoka mwisho kwenda mwanzo. Maganda yaliyokuwa yakianguka yakaonekana yakipaa, na watu wakaonekana wakienda mbele. Mtu mmoja tu akisahau na kupiga hatua ya kawaida, hila yote inafichuka.

Mungu hafanyi hivyo. "Nami nitawarudishia hiyo miaka iliyoliwa na nzige," anasema Yoeli, lakini hasemi nzige hawakuja. Anaahidi mvua ya vuli na ya masika, na nafaka mpya kwa watu walewale waliopoteza ya kwanza. Maombi mengi ya kurudishiwa tunayoyasikia, kwa kweli, ni maombi ya kurudisha filamu nyuma.

Uhariri ulichukua takriban miaka 2, filamu ikatoka 1978. Baada ya hapo Malick hakutoa filamu nyingine kwa miaka 20. Tusiifanye miaka hiyo kuwa mfungo mtakatifu. Aliandika miswada ya filamu, mingine haikufika popote. The Thin Red Line ilipotoka 1998, iliteuliwa mara 7 kwa Oscar na haikupata hata moja. Mwaka 2011 The Tree of Life ilianza kwa maneno ya Ayubu 38: "Ulikuwa wapi nilipoiweka misingi ya nchi?" Ikapewa Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa.

Juma hili tusome Yoeli 2:21-27 kwa sauti nyumbani. Kila mmoja aandike kazi moja ya maandalizi aliyoiahirisha kwa kudai anamngoja Bwana, na aianze kabla ya Ijumaa.