Pweza anafika saa sita, jua liko utosini

Wiki iliyopita nilikuwa Jambiani kwa khaloo, dada yake mama, na nilichofuata kule ni pweza tu. Kila siku naulizwa inboksi eti natumia kamera gani mbona vyakula vyangu vya baharini vinaonekana freshi hivyo, natumia simu jamani, ile ile ya kupigia, ila nafuata mwezi.

Iko hivi. Huku kwetu Unguja bamvua, yale maji yanayojaa sana na kupwa sana, linakuja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na siku hizo maji yanakupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi hivi, bahari ya Jambiani inarudi nyuma mpaka unaona watu kule mbali kama vijiti. Ndo kina mama wanatoka na vyuma vyao kutafuta mashimo ya pweza. Sasa mpaka pweza apatikane, apigwe juu ya jiwe alainike, afike jikoni, ishagonga saa sita, na saa sita ndo mwanga mbaya kuliko wote, jua liko juu ya kichwa, kila kitu kina kivuli cheusi chini na kung'aa juu. Ukisubiri mpaka jioni mwanga upate upole, unapiga kiporo.

Mie nilihangaika na hili muda mrefu mpaka nikagundua mlango wa jiko la khaloo. Jiko ni la makuti, ndani giza kidogo, nje mchanga mweupe pee, lile jua kali linapiga mchanga halafu linaingia mlangoni limeshapoa. Naweka sahani hatua moja ndani ya mlango, mwanga unatoka ubavuni, upande wa pili namwomba binamu ashike shuka jeupe, basi. Flashi usiiwashe kabisa, mafuta ya tui yatang'aa kama bati.

Na pweza mwenyewe ana rangi jamani! Mbichi ni kijivu kijivu hata hamu hakupi, lakini khaloo akishamchemsha kwa maji yake mwenyewe anayotoa anageuka rangi ya zambarau lililoiva, zile nyonyo zake za mikononi zinabaki nyeupe zina uwaridi kwa mbali. Halafu linaingia tui jepesi na kitunguu thomu, bizari na pilipili mbichi, mwisho tui zito, hapo khaloo haachi kukoroga na wala haongei na mtu maana likichemka ovyo linakatika. Likishamiminwa sahanini una kama dakika tatu hivi, baada ya hapo juu linafanya utando na mafuta yanajitenga pembeni, na kwenye picha utando unaonekana hata kwa asiyejua kupika, atahisi tu kuna kitu kimelala. Kwa hiyo mie sehemu yangu naiandaa kabla, napima mwanga kwa sahani tupu, yeye akisema "haya njoo" mie nishakuwa tayari.

Hoteli moja iliwahi kuniita niwapigie picha za menyu. Kamba walitoka kwenye friza wana barafu, wakapakwa mafuta kwa brashi, wakazungushiwa majani ya saladi. Nikauliza kwa nini tusitume mtu soko la samaki la Malindi, hapa hapa mjini Unguja, asubuhi aje na changu na kamba wa siku ile, nikaambiwa mgeni hajui tofauti. Nilipiga, hela nikachukua, na mpaka leo picha zile sijaziweka popote. Mgeni anajua bwana. Changu akitoka majini ana rangi zake zote, ukimwacha masaa mawili amefifia, na jicho linaingia ukungu, hakuna filta ya kurudisha hiyo.

Forodhani, pale bustanini mjini panapouzwa vyakula usiku, nako watu wanapenda kupiga, mie naenda kula zaidi kuliko kupiga, ile mishikaki imepangwa tangu magharibi na taa za juu ni njano. Ukitaka piga moshi, simama taa iwe nyuma yake.

Mwezi mpevu unakuja, nishampigia khaloo. Kasema pweza hana wasiwasi naye, ila nije na nazi mbili kutoka mjini, mkwezi wake anaumwa mguu na za nyuma ya nyumba bado ziko juu.