CD tisa kati ya ishirini

Mwaka 2009 nilikuwa na kibanda cha kuchapa na kutoa kopi mjini Busia, upande wa Uganda. Kompyuta yangu ilitumia Ubuntu 8.04, mfumo endeshi wa bure nilioupata kwenye CD ambayo wakati ule ilitumwa bure kwa posta kwa yeyote aliyeiomba, nami nilijivunia kutokuwa na programu hata moja ya wizi.

Ijumaa moja jioni mwalimu wa kwaya aliniletea CD tupu ishirini, pamoja na nyimbo kumi na mbili za MP3 kwenye flashi, akizitaka kabla ya ibada ya Jumapili. Nilipofungua Brasero, programu ya kuchoma (yaani kuandikia) CD, iliniuliza kama ninataka mradi wa sauti au mradi wa data. Mradi, kwa jinsi ninavyolijua neno hilo, ni wa kuku au wa kisima. Nyimbo zilikuwa mafaili, na mafaili ni data, basi nikachagua data na kuchoma CD sita bila hitilafu yoyote.

Asubuhi alirudi nazo, redio yake ya zamani ikiwa kwapani. Aliichomeka ukutani, akatia CD, tukaisikia ikizunguka, ikakwaruza kidogo, kisha kioo kikaandika namba sifuri.

“Kijana wangu, kwaya imekwenda wapi?”

Redio ile ilifahamu CD za sauti tu, na programu haikunidokeza hilo hata kwa neno moja. Nilianza upya na mradi wa sauti, lakini sasa programu ikayakataa mafaili yenyewe, kwa sababu Ubuntu haikuja na uwezo wa kusoma MP3, jambo lililotokana na masuala ya hataza, yaani haki za wavumbuzi. Kuupakua uwezo huo kwa modemu yangu kulichukua muda mrefu kuliko kuchoma CD zote. Kisha nyimbo zilizokuwa MB 60 tu zikaijaza karibu CD nzima ya MB 700, nami nikadhani nimeharibu tena. Kumbe CD ya sauti huhifadhi nyimbo bila kuzibana kama MP3, na sauti isiyobanwa hula takriban MB 10 kwa kila dakika.

CD tano zilizofuata zilikufa katikati. Ujumbe ulisema tu kwamba kumetokea kosa, na nilipofungua kumbukumbu za kazi nilikuta mistari mingi mno iliyoandikwa na mafundi kwa ajili ya mafundi wenzao, humo ndani yakiwamo maneno “Illegal request”, yaani ombi lisilo halali, kana kwamba nilikuwa nimevunja sheria. Hapakuwa na mahali palipoandikwa: punguza kasi. Niliipunguza kwa kubahatisha tu, kutoka 48x hadi 8x, na tisa zilizobaki zikatoka salama.

Mwalimu alisikiliza wimbo wa kwanza hadi mwisho akiwa amesimama, akalipia zile tisa. Zile kumi na moja alizichukua pia, akisema mkewe angezitundika shambani kufukuza ndege kwenye mtama.