"Mwendelezo lini?"

Ukiandika hadithi za mfululizo kwenye magrupu ya WhatsApp, maoni mengi utakayopata ni "tupia nyingine" na "nipo hapa nasubiri". Raha, sikatai. Ila hayakusaidii kuandika.

Juzi dada mmoja wa Pemba kanifuata inboksi kuhusu hadithi yangu: "Kaka, msimu wa karafuu umeupitisha mbio. Zikishachumwa, jioni tunakaa kuzichambua makonyo, na umbea wote wa mtaa unatoka hapo. Yule shangazi siri angeisikia hapo." Jamani! Usiku uleule nikaiandika upya sura nzima. Akaongeza kwamba mchumba afe. Hapo nikagoma. Msomaji anajua palipomchosha, lakini dawa naitafuta mwenyewe.

Nami nikisoma kazi za wenzangu nawaonyesha mahali nilipoanza kurukaruka mistari, na pale nilipocheka peke yangu kwenye daladala abiria wakanigeukia. Sarufi naiacha mwisho. Na simkosoi mtu mbele ya grupu zima, namwandikia pembeni.

Anayetaka jicho la pili anitumie sura moja. Moja tu tafadhali, msinimwagie riwaya nzima.