Sentimita sita zinanitosha

Anayeuza mitumba Arua, huku kaskazini-magharibi mwa Uganda, hakosi kitu cha kukatia. Robota likishushwa kutoka Kampala limekazwa kwa mikanda ya plastiki, chini ya mikanda kuna gunia, chini ya gunia nailoni, na chini ya nailoni, zimebanana hasa, ndizo nguo nilizolipia. Wenzangu wengi hutumia wembe. Unakata vizuri, sikatai, ila hauna pa kushika, na mkanda ukiachia ghafla damu inadondokea mashati. Wengine huja na kisu cha jikoni. Hao nawaonea huruma zaidi: kisu kirefu kinapita gunia, kinapita nailoni, kisha blauzi za juu zinatoka na madirisha. Blauzi yenye dirisha si daraja la kwanza tena. Inakwenda kwenye rundo la chini, mteja achague kwa bei ya kutupa.

Kwa hiyo mtu akinicheka kwamba kisu changu cha kukunja ni kidogo, namjibu kibiashara. Bapa la sentimita 6, au 7 likizidi sana, linatosha kukata mkanda, kufumua lebo, kumenya embe na kufungua boksi. Kazi hizo zote hufanywa na sehemu ya mbele, upana wa vidole viwili hivi. Urefu unaobaki unabebwa tu.

Lakini urefu si jambo la kwanza ninalolitazama. La kwanza ni wembamba. Wanaume hasa (mume wangu ni shahidi) wakishika kisu hutafuta uzito na bapa nene, eti imara. Kisu kinene kina makali siku ya kununuliwa, halafu kinapasua embe badala ya kulikata. Mimi nakigeuza, nakitazama kwa juu kwenye mgongo: kama unene umezidi milimita 2 na hauteremki polepole hadi kwenye makali, narudisha. Kisha nakifungua na kukitikisa kushoto na kulia. Kikicheza sasa, baada ya mwezi kitalegea kabisa. Nakifunga, nachungulia kama makali yanagusa ukuta wa mpini ndani. Yakigusa, yatajitia ubutu yenyewe kila ukifunga. Mwisho namwomba muuzaji kipande cha gazeti nijaribu kukikata. Anayekataa kutoa gazeti anajua analouza.

Kisu cha Okapi ndicho wazee wa huku wanachokijua: mpini wa mbao, pete nyuma, na ule mlio wa meno ya komeo lake kinapofunguka. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yao ya Afrika, na tangu 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Jina lenyewe ni la mnyama wa msitu wa Ituri, jirani yetu hapo Kongo, ng'ambo ya mpaka. Ni kisu kizuri cha shamba, lakini kwangu bapa lake ni refu na limechongoka mno. Na ule mlio! Ukikifungua ndani ya basi la usiku, abiria wote wanaamka kukutazama.

Ninachokipenda ni Opinel namba 6. Ni cha Ufaransa, kimeanza mwaka 1890. Bapa sentimita 7, jembamba, na pete ya chuma unayoizungusha ili kisijifunge juu ya vidole. Pete hiyo iliongezwa mwaka 1955. Kasoro yake ni mpini wa mbao: mvua zikishika, mbao inavimba na kisu kinakuwa kigumu kufungua. Ukichukua cha chuma cha kaboni, embe na limau zitalitia bapa weusi. Weusi si kutu, hauna ubaya, ila ukikiacha na unyevu kutu itafuata. Cha chuma kisichopata kutu kinakupunguzia kazi. Kwa fenesi, chochote ulicho nacho, paka kwanza mafuta ya kupikia. Ule utomvu hautoki kwa maji.

Kama ni cha kuning'iniza kwenye funguo tu, kile kidogo cha Victorinox ya Uswisi, chenye urefu wa milimita 58 kikiwa kimefungwa, kina mkasi unaokata uzi kuliko kisu chochote. Ila angalia vya bandia, vimejaa. Mkasi wake ukiachia na usirudi wenyewe, achana nacho.

Kuhusu kubeba: tangu mabomu ya Julai 2010, kuingia jengo kubwa la maduka Kampala ni kupekuliwa. Askari huchomoa kisu mfukoni na kuuliza, "Mama, hiki ni cha nini?" Kifupi kinajieleza. Namwonyesha, namwambia ni cha marobota, mara nyingi ananiachia. Akikataa, nakiacha mlangoni na kukichukua nikitoka. Mdogo wangu aliyeko London anasema huko sheria yenyewe imepima: kisu cha kukunja kisicho na komeo, makali yasiyozidi inchi 3, unabeba bila kuulizwa sababu. Cha Opinel, kwa sababu ya ile pete, hakimo kwenye ruhusa hiyo. Na ukipanda ndege, kiweke kwenye mzigo unaokabidhi, usibebe mkononi.

Mpwa wangu, anayenisaidia kibandani, anang'ang'ania kisu chenye bapa la meno. Kweli meno yanakata mkanda haraka, lakini yananasa nyuzi za sweta, na yakiwa butu hayanoleki kwenye jiwe letu bapa. Nimemwambia akinunue kwa pesa yake, na robota la sweta atafungua kwa kile changu.