Shati alilolikataa mama

Vita vya Amin viliisha mwaka 1979, lakini kijijini kwetu, kaskazini mwa Bukoba karibu na mpaka wa Uganda, dhiki yake iliendelea. Dukani hapakuwa na sabuni, wengi tulifulia majani ya mpapai. Chumvi ilikuwa ya foleni. Ndipo magendo yakashamiri. Kahawa ilivushwa usiku, nyingine kwa mitumbwi ziwani, nyingine vichwani mwa watu, na vijana wakarudi na redio, vitenge, na mashati ya kitambaa kilichoitwa Juliana. Aliyevaa Juliana alipishwa njia.

Baba mdogo alikuwa mmoja wao. Hakuzaliwa tumbo moja na marehemu baba, ila walikuwa wa ukoo mmoja na vibanja vyetu, yaani mashamba ya migomba, vilipakana. Jioni moja alimjia mama na ombi: magunia ya kahawa yalale nyuma ya nyumba yetu usiku mmoja tu. Kwa malipo, dada yangu aliyekuwa anajiandaa kwenda sekondari angepata sare, viatu na blanketi.

Mama alikuwa mlokole, wa ule Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuvuka mpaka hadi kwetu. Ndugu wa ushirika wake hawakugusa rubisi, pombe ya ndizi, na mtu aliyepunja hata mizani ya maharage alisimama mbele ya wenzake akatubu. Alimwambia baba mdogo kwamba magunia hayawezi kulala kwake. Kisha akampakulia ndizi na maharage, wakala pamoja wakizungumza habari za ng'ombe wa ukoo, na baba mdogo akaenda kutafuta mahali pengine. Dada alikwenda shule na blanketi lililoshonwa viraka. Kisimani mama alichekwa: wokovu haufui nguo.

Mwaka 1983 Waziri Mkuu Sokoine aliwashukia wahujumu uchumi, na watu wakatupa bidhaa porini na ziwani kwa hofu ya kukamatwa. Baba mdogo alinusurika. Mwaka huohuo ndipo wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliporipotiwa mkoani kwetu, ingawa jina hilo sisi hatukulijua. Tuliona tu watu wakikonda, wakiharisha, wakitokwa na vidonda mdomoni, na wengi wa mwanzo walikuwa watu wa magendo. Basi ugonjwa ukapewa jina la nguo zao. Fulani ana Juliana, watu walinong'ona, na hapo hapakuwa na swali lingine.

Mwaka 1985 baba mdogo akalala kitandani. Mkewe alirudi kwao. Jamaa wakaja kuitunza mali: kwanza redio, halafu baiskeli, halafu marobota ya vitenge. Walikuja mchana wakatoka na mizigo, lakini chakula chake kilifungwa kwenye jani la mgomba na kusukumwa kizingitini kwa fimbo. Nililiona jambo hilo kwa macho yangu nilipokuwa nachunga mbuzi, na hadi leo ndilo linalonijia nikisikia mahubiri juu ya kuikataa dunia. Mengi ya mahubiri hayo huishia kwenye urefu wa sketi na aina ya muziki. Waliomkimbia baba mdogo walikuwa wamekumbatia kila kilichokuwa chake isipokuwa yeye.

Katika ushirika suala lake lilizuka. Mzee mmoja, mtu mwema, aliyetufundisha sisi watoto kusali, alifungua Waraka wa Kwanza wa Yohana sura ya 2 akasoma: "Msiipende dunia, wala mambo yaliyomo katika dunia." Akasema ndugu yetu yule alionywa, sasa dunia inamlipa, na walokole wakionekana kwake watu watadhani wanabariki magendo. Wengi waliitikia kwa vichwa.

Mama aliomba wasogee sura moja mbele. Alikuwa msomaji wa polepole, akafuata mstari wa 17 wa sura ya 3 kwa kidole: "Lakini mtu akiwa na riziki ya dunia, kisha akamwona ndugu yake ni mhitaji, akamzuilia huruma zake, je! Upendo wa Mungu wakaaje ndani yake huyo?"

"Barua ni hiyohiyo, ndugu zangu," alisema. "Kesho naenda kumwogesha shemeji."

Alinichukua mimi nimbebee maji. Nilikuwa darasa la sita. Nyumba ya baba mdogo ilikuwa ya bati, mojawapo ya chache pale, na ndani ilikuwa inanuka hata nikabana pumzi. Nyasi za sakafuni hazikuwa zimebadilishwa kwa muda mrefu. Mama hakunionya wala hakunihimiza. Alitoa nyasi zote nje, akaniambia nikate nyingine mbichi, akawasha moto wa kupashia maji. Alikuwa amekuja na kipande cha sabuni alichokuwa anakitunza. Alimvua shemeji yake shuka, akamwosha kuanzia kichwani, mikono mitupu, huku akimsimulia nani kaoa na mvua imeharibu mgomba gani. Baba mdogo alikuwa mwepesi sana. Alipogeuzwa alilia, nadhani zaidi kwa aibu kuliko maumivu, na mama akaendelea na habari za migomba mpaka akanyamaza.

Alipokwisha kukaushwa na kuegemezwa ukutani, alinyoosha kidole chini ya kitanda.

"Shemeji, vuta hilo sanduku. Kuna shati hawakuliona. Jipya kabisa. Mpe huyu kijana."

Lilikuwa Juliana, la rangi ya maziwa, bado na mikunjo ya dukani. Nililitamani shati lile kuliko ninavyoweza kueleza.

"Asante, shemeji," mama alisema. "Hatutalichukua."

"Unaogopa ugonjwa."

"Tangu asubuhi nimekushika kwa mikono yangu. Ningekuwa na hofu, ningeanza nayo hapo. Magunia niliyakataa ulipokuwa mzima. Shati hili lilitoka kwenye magunia yale."

Nilidhani ataumia. Badala yake alicheka, kicheko kilichokatwa na kikohozi. "Hujabadilika hata kidogo," alisema. Nimelifikiria sana jibu la mama. Wengine wangelipokea lile shati kumridhisha mtu anayekufa. Yeye alizungumza naye kama alivyozungumza naye siku zote, mtu mzima mwenye dhamiri yake, na nadhani kwa miezi mingi hakuna aliyekuwa amemfanyia hivyo.

Kisha baba mdogo akapapasa kikapu kidogo kando yake, akatoa kahawa ya kutafuna, ile ambayo mgeni kwetu hukaribishwa nayo. Mkono ulitetemeka. "Na hii nayo utaikataa?"

Mama alikinga kiganja, akapokea, akatia mdomoni akatafuna mbele yake. Nyingine akanipa mimi. Nilitafuna.

Baba mdogo hakuokoka siku ile, na mama hakumsukuma. Alirudi kesho yake, na kesho kutwa. Baadaye baba mdogo mwenyewe aliomba asomewe Neno, wakati mwingine akamkatiza na kubishana. Alifariki kabla ya senene kuanza kuanguka. Kufikia wakati huo wanawake wawili wa ushirika walikuwa wanapokezana naye zamu. Yule mzee alikuja mazishini, akashika jembe. Wiki mbili hivi baadaye ikaja habari ya mgonjwa mwingine ng'ambo ya bonde, mwanamke mwenye mtoto mchanga, na safari hiyo mzee mwenyewe ndiye aliyekuja kumwita mama waende.